Mguu Uliokuwa Mzima

Watu wa mtaani walimwita Fundi Subiri. Jina hilo hakulitafuta, lilimjia lenyewe. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, atakigeuza juu chini, atakipapasa, atafuta vumbi kwenye kiungo, atapaka gundi na kukibana kwa vibano vyake vya chuma. Kisha utasikia neno lake: "Subiri ikauke." Ukirudi kesho, subiri. Ukirudi keshokutwa umekunja uso, subiri. Wateja walinung'unika, wengine waliapa kwamba safari ijayo wataenda kwa fundi mwingine, lakini walirudi kwake hao hao, maana kiti kilichotoka mikononi mwake kingekaliwa na jitu la miraba minne na kisitoe hata mlio.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mumewe naye alimwita hivyo hivyo, hata wakiwa wawili tu chumbani. Mwalimu hakujua kutulia. Alifundisha akiwa wima, alikula akiwa wima, na hata akiongea kwenye simu na binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alizunguka sebule nzima kama mtu aliyepoteza funguo.

"Mwalimu, kaa basi. Unanitia kizunguzungu," Fundi alikuwa akimwambia.

"Nikikaa mimi, nani atafanya?"

Na kweli, hakukuwa na mwingine. Fundi alikuwa mume mwema, hanywi, hapigi kelele, haulizi kwa nini chumvi imezidi, lakini nyumbani alikuwa kama mgeni wa heshima. Alifika jioni na maranda kwenye nywele, akanawa, akala, akashukuru, akalala. Kuwasha jiko alijua, ila hakuwahi kupata sababu ya kuwasha.

Sababu ilikuja asubuhi moja ya kazi. Mwalimu alipanda juu ya kistuli darasani kubandika ukutani michoro ya watoto. Mguu mmoja wa kistuli ukateleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, naye akaangukia ubavu. Watoto walicheka wakidhani ni mchezo mpya. Alipojaribu kuinuka, nyonga ya kushoto ilikataa. Kufikia mchana alikuwa hospitali, na Fundi alikuwa ukumbini na patasi bado mfukoni, akisomewa kile kilichoonekana kwenye picha. Mfupa wa nyonga ulikuwa umekatika kwenye shingo yake, pale unapoingia kiunoni, na katika umri ule usingeunga vizuri. Wangeutoa na kumwekea nyonga ya bandia.

Operesheni ilikwenda vizuri. Daktari mpasuaji alitoka mwenyewe kumwambia, na Fundi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, asijue la kusema zaidi ya ahsante, ahsante sana.

Kilichomshangaza kilitokea siku ya pili yake. Alifika wodini na chupa ya chai akamkuta mkewe amesimamishwa! Amening'inia kwenye fremu ya kutembelea, uso umemkunjamana kwa maumivu, na pembeni yake yuko binti mmoja mwembamba wa kitengo cha mazoezi, akimwambia, "Haya mama, moja tena. Safi kabisa."

"Jamani!" Fundi aliweka chupa chini. "Mtu amepasuliwa jana!"

"Ndiyo mzee. Ndiyo maana tunamwamsha leo."

Fundi alimtazama yule binti kama anavyomtazama mteja anayetaka kubeba meza ambayo gundi bado ni mbichi. Lakini pale palikuwa kwao, si kwake. Aliiokota chupa yake ya chai.

Siku ya kuruhusiwa, binti huyo alikaa nao na kuwaeleza kwa utulivu. Mama asishinde kitandani. Kila baada ya muda atembee hadi mlangoni na kurudi. Akiwa amelala, avute vidole vya miguu kuja juu na kuvisukuma chini, kama mtu anayekanyaga cherehani ya miguu. Anywe maji ya kutosha. Muuguzi naye akawapa pakiti ya vidonge vya kuzuia damu isigande, akasema visikose hata siku moja mpaka viishe. Fundi aliitikia kwa kichwa kila neno. Ila ndani ya moyo wake alikuwa ameshakata kauli: nyonga mpya imeungwa mwilini, na kitu kilichoungwa hakitikiswi.

Sasa ndipo nyumba ile ilipoona maajabu. Fundi alifunga karakana. Aliandika kwa chaki mlangoni, NAUGUZA, akarudi nyumbani na kuanza kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu aoe. Alipika uji ukaungua, akapika mwingine. Alifua shuka na kuzianika zikiwa zimejikunja kama kamba. Alimwinua mkewe kwa mto nyuma ya mgongo, akamlisha, akamfuta mdomo, akamletea beseni la kunawa. Mwalimu akitaka hata miwani iliyo mezani, hatua mbili tu kutoka kitandani, Fundi alikuwa ameshafika.

"Nipe hiyo fremu nijinyooshe kidogo," Mwalimu alisema siku za mwanzo.

"Utajinyoosha ukipona. Lala."

"Lakini yule binti alisema..."

"Yule binti hajawahi hata kuolewa. Lala, mke wangu."

Mke wangu! Mwalimu alilisikia neno hilo likapita katikati ya kifua chake na kukaa humo. Alikuwa ameishi na mtu huyu mpaka mvi zikawaota wote wawili, na mapenzi yake alikuwa akiyajua kwa kuyakisia tu, kama unavyojua kwamba kuna mtu chumba cha pili. Sasa yalikuwa yamevuka mlango, yamemkalia ukingoni mwa kitanda na kikombe mkononi. Jioni Fundi alivuta kiti na kuzungumza. Alimsimulia habari za utoto wake, jinsi mjomba aliyemfundisha useremala alivyokuwa akiimba ili asisikie maumivu ya jino. Mwalimu hakuwahi kuzisikia habari hizo. Alilala pale, mikono juu ya tumbo, akisikiliza, na hakuomba fremu tena.

Maji pia alipunguza. Si kwa kuambiwa na mtu. Kwenda chooni kulikuwa na kazi kubwa, na kutumia beseni mbele ya mumewe kulimtia haya, kwa hiyo alikuwa akilowesha midomo tu na kusema ameshakunywa.

Halafu likaja suala la vidonge. Asubuhi moja Fundi alikuta doa la damu kwenye bandeji, dogo tu, la kadiri ya ukucha, lakini lilimshtua kama moto. Aliketi na pakiti mkononi.

"Hivi si ndivyo vya kufanya damu iwe nyepesi?"

"Ndivyo."

"Na kidonda kinavuja."

Walitazamana. Mwalimu naye aliogopa damu, hata ya goti la mtoto aliyeanguka uwanjani. "Tuviache kwa leo," alisema. "Tuone."

Wakaviacha siku hiyo. Doa halikuongezeka, wakaona kumbe walifanya la maana. Kesho yake wakaviacha tena. Hakuna aliyesema kwamba wameacha moja kwa moja. Pakiti ilikaa tu juu ya kabati.

Maumivu yalianza taratibu, na hayakuanzia kwenye nyonga. Yalianzia mguu wa kulia, ule mzima, kwenye shavu la mguu. Mwalimu alisema ni mkazo wa misuli. Fundi alipasha mafuta moto, akaanza kumchua kwa vile viganja vyake vigumu vya kupigia randa.

"Acha!" Mwalimu aliuvuta mguu. "Unaniumiza."

"Nimegusa tu."

"Basi usiguse."

Hawakulisemea tena. Asubuhi iliyofuata binti yao alipiga simu kuulizia hali, na Mwalimu akamwambia yuko salama, anahudumiwa kama malkia, baba yako siku hizi hata kufua anajua. Binti alicheka sana. Alipokata simu, Mwalimu aliomba avalishwe ndara akakae sebuleni, kwa sababu kulala kulikuwa kumeanza kumchosha na mgongo ulikuwa unawaka. Fundi alipiga magoti. Ndara ya kushoto, mguu uliopasuliwa, iliingia. Ya kulia ikakataa.

Aliigeuza, akaitazama kana kwamba imebadilishwa na ya mtu mwingine. Akajaribu tena.

"Mguu umevimba," alisema Mwalimu kutoka juu.

"Haujavimba. Umelala vibaya."

"Kwa mwaka mzima huwa nawavalisha watoto viatu. Mguu uliovimba naujua. Pima."

Fundi alikuwa mtu wa kuamini vipimo kuliko macho. Alikwenda kwenye mfuko wake wa kazi akatoa uzi anaotumia kunyooshea mistari kwenye mbao, akauzungusha kwenye shavu la mguu wa kushoto na kufunga fundo pale ulipokutana. Kisha akauhamishia mguu wa kulia, mahali pale pale. Uzi haukufika. Ncha na fundo vilibaki vimeachana, na katikati ikaonekana ngozi inayong'aa, iliyovutika, ya moto alipoigusa. Aliuvuta uzi kidogo, kwa woga, kama anayebembeleza ufike. Haukufika.

Aliinua uso. Na hapo akaona jambo ambalo alikuwa hajaliona kwa kuinamia miguu: mkewe, ambaye hakuwa amefanya lolote zaidi ya kukaa, alikuwa anahema.

"Una nini?"

"Sijui. Pumzi haishuki."

Yaliyofuata Fundi aliyakumbuka vipande vipande. Alitoka nje bila viatu akisimamisha kila gari. Dereva mmoja wa teksi, kijana wa mtaa huo huo aliyewahi kusubiri kitanda chake wiki mbili, alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Walimbeba Mwalimu kwenye kiti cha mbao, kila mmoja upande wake. Ndani ya gari Fundi alimshika mkono, naye Mwalimu, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, hakusema kitu. Alikuwa akizitumia pumzi zake kwa hesabu. Fundi hajawahi kuogopa ukimya kama alivyouogopa ule.

Hospitali walimpokea haraka. Wakamwekea hewa, wakamchoma sindano, wakampitisha kifaa cha kupigia picha juu ya mguu na paja, kisha wakamwingiza kwenye mashine kubwa ya kupiga picha kifua. Fundi alikaa kwenye benchi ukumbini. Watu walipita mbele yake wakiwa na mafaili, mashuka, vikombe. Alihesabu vigae vya sakafu, akasahau, akaanza tena. Kila mlango ulipofunguka alisimama.

Aliyemwita ndani alikuwa daktari mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Mwalimu alikuwa kitandani, kifuniko cha hewa usoni, macho wazi.

"Damu imeganda kwenye mshipa wa mguu wa kulia," daktari alisema. "Bonge refu kidogo. Na kipande chake kimekatika, kikapanda na damu, kikapita moyoni, kikaenda kunasa kwenye pafu. Bahati nzuri ni kidogo. Kingekuwa kikubwa tusingekuwa tunazungumza hivi. Tumeshaanza dawa. Mmewahi."

Fundi alisimama akiikunja kofia yake. Alikuwa na swali, na lilimtoka kama malalamiko.

"Daktari, mimi sielewi. Mmemkata kushoto. Mkamshona, jeraha limefunga, nimeliona kwa macho yangu. Huku kulia hakuna aliyegusa. Huu ni mguu mzima! Damu imegandaje mahali ambapo hapakukatwa?"

Daktari hakumkatisha. Alivuta stuli akaketi, akamwonyesha Fundi nyingine.

"Wewe unafanya kazi gani, mzee?"

"Seremala."

"Sawa. Mwili ukikatwa, haujui kama ni kisu cha daktari au cha mwizi. Unajua tu kwamba damu inamwagika. Kwa hiyo unatoa tangazo: zibeni. Ini linaongeza vitu vya kugandisha damu, na vile vichembe vinavyoshikana na kuziba tundu vinakaa mkao wa kula. Bila hivyo hakuna mtu angeshuka kwenye meza ya upasuaji akiwa hai. Kadiri upasuaji unavyokuwa mkubwa, na tangazo linakuwa kubwa. Na nyonga ni miongoni mwa upasuaji mkubwa kabisa, tunakata mfupa wenyewe. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Sasa, damu ni moja tu. Ile inayopita kwenye jeraha ndiyo hiyo hiyo inayokwenda mguu wa pili, mkononi, kila mahali. Hakuna namna ya kuiambia igande kushoto tu. Tena haitulii siku mshono unapofunga. Inakaa katika hali hiyo wiki kadhaa. Wewe unaona kidonda kimepona, damu yenyewe bado iko vitani."

Fundi aliutazama mguu wa mkewe chini ya shuka.

"Lakini kuwa tayari peke yake si kuganda," daktari aliendelea. "Inahitaji nafasi. Moyo unasukuma damu mpaka miguuni, ila kuirudisha juu unasaidiwa na msuli huu wa shavu la mguu. Kila unapokanyaga, msuli unaukamua mshipa, damu inapanda. Mtu akilala muda mrefu bila kukanyaga, hakuna anayekamua. Damu inatuama. Damu iliyo tayari kuganda, ikatuama... Na pale mezani penyewe mtu analala bila kujitikisa, mguu tunauvuta, tunaupinda, mishipa nayo inachubuka kwa ndani bila kuonekana. Vikikutana vyote hivyo, ndiyo haya." Alimgeukia Mwalimu. "Mama, maji ulikuwa unakunywa?"

Mwalimu alisogeza kifuniko kidogo. "Kidogo. Niliona tabu chooni."

"Ulikuwa unatembea?"

Mwalimu alimtazama mumewe.

"Vidonge tulivyokupa?"

"Tuliviacha," alisema Mwalimu. "Kulikuwa na damu kwenye bandeji. Tuliogopa."

Alisema "tuliviacha", wao wawili. Fundi alilisikia hilo neno na likamchoma kuliko kama angesema "aliviacha yeye", au "aliniachisha".

"Mimi ndiye niliyemlaza," Fundi alisema. "Alitaka kutembea, nikamkataza. Nikamchua mguu na mafuta. Daktari, mimi ndiye niliyemfanyia haya?"

Daktari alivaa miwani yake, akaivua tena. Alikuwa mtu asiyependa kupaka rangi mambo.

"Kumchua usimchue tena, kunaweza kukata bonge. Hayo mengine siwezi kukujibu kwa uhakika. Nina wagonjwa waliomeza kila kidonge na kutembea kila siku, na bado damu ikaganda. Siwezi kusema ni wewe. Na siwezi kusema hukuchangia. Ninachojua ni kwamba mlipoona uvimbe hamkusubiri."

Alipotoka, chumba kilibaki na mlio wa hewa tu. Fundi alikaa stulini bila kumtazama mkewe. Alitazama mikono yake mwenyewe, yenye makovu ya patasi na weusi wa vanishi usiotoka kwenye kucha. Maisha yake yote aliamini kwamba kujali kitu ni kukibana, ukakiacha, usikiguse mpaka kishike. Imani hiyo ilikuwa imemlisha. Ilikuwa imemsomesha binti yake. Na kumbe alikuwa ameichukua akaingia nayo chumbani, akambana nayo mtu ambaye ndani yake kuna vitu vinavyoishi kwa kukimbia.

"Njoo huku," Mwalimu alisema.

Alisogeza stuli.

"Unajua kwa nini sikubishana nawe? Mimi, ninayebishana na mwalimu mkuu?"

"Ulikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa wapi. Nilikuwa naona raha." Alikusanya pumzi. "Ulikuwa unaniletea chai. Ulikuwa unakaa, unanisimulia. Nikajisemea, nikianza kutembea ataona nimepona, atarudi karakana, na hadithi zitakwisha. Kwa hiyo nikalala. Usijibebeshe peke yako."

Fundi aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na mabega yakaanza kumtikisika. Mwalimu aliweka mkono juu ya kichwa chake, kwenye mvi zile zenye vumbi la mbao, akauacha pale.

Walimweka wodini siku kadhaa. Pumzi ilirudi kidogo kidogo, uvimbe ukapungua, na yule binti mwembamba wa mazoezi akatokea tena mlangoni na fremu yake. Aliona nani yuko kando ya kitanda, akasita.

"Mzee, leo utaniruhusu?"

"Binti yangu," Fundi alisema, akasimama kabisa kumpisha, "mimi nifundishe tu nishike wapi."

Akafundishwa. Amtembeze akiwa upande gani, mkono aupitishe wapi, asimvute, asimsukume, amwache abebe uzito wake mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho. Kila mkewe alipoyumba kidogo, mikono yake iliruka yenyewe, na binti akamwambia, "Mwache, mzee, mwache, anaweza," naye akarudisha mikono nyuma na kuishikanisha mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu dukani.

Nyumbani alifungua karakana, lakini kazi ya kwanza haikuwa ya mteja. Alipiga randa mbao ndefu mpaka ikawa laini kama shavu, akaifunga ukutani kwa skrubu kutoka chumbani, kupitia ukumbi mwembamba, mpaka mlango wa nje, ili Mwalimu awe na cha kushika. Binti yao alipokuja kuwatembelea aliipitishia mkono, akasema, "Baba, hii ni nzuri kuliko kitanda changu cha harusi." Fundi akakiri kwamba ni kweli, kile kitanda alikifanya kwa haraka.

Vidonge vilikuwa vipya, vya miezi, na safari hii vilikaa mezani karibu na sukari, mahali ambapo hakuna anayekunywa chai bila kuviona. Ikawa Mwalimu akipiga mswaki na fizi zikatoa damu kidogo, hawakuficha wala hawakuamua wenyewe. Walipiga simu hospitali, wakauliza, wakaambiwa waendelee na watumie mswaki laini. Fundi alishangaa jinsi kuuliza kulivyokuwa kwepesi. Mara ile ya kwanza wazo hilo halikumpitia kabisa.

Na kila jioni walitembea. Kwanza ni ndani, ukuta kwa ukuta, kisha uani, kisha mpaka kwenye kona ya barabara. Jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akiwatania: "Haya, maharusi hao wanapita!" Mwalimu alimjibu kwa kumpungia fimbo. Hadithi ambazo Mwalimu alidhani zitakwisha hazikwisha, zilibadili tu mahali. Kumbe Fundi alikuwa na nyingi, na kumbe zilimtoka kirahisi zaidi akiwa anatazama mbele kuliko akiwa ametazamana na mtu. Alimsimulia tena habari ya mjomba na jino lake, na mwisho wake ukawa tofauti na ule wa mara ya kwanza. Mwalimu alimkamata palepale.

Hata hivyo hofu haikumtoka. Alikuwa akiamka alfajiri na kuitazama miguu ya mkewe kabla hajaitazama sura yake. Siku daktari alipowaambia kwamba muda wa vidonge umekwisha na anaweza kuviacha, aliyeng'ang'ania viendelee alikuwa ni yeye.

"Na kama ikaganda tena?"

"Ile vita imekwisha, Fundi," alisema daktari. "Damu yake imerudi kuwa damu ya kawaida. Kumpa dawa zaidi ya hapo, ningekuwa natafuta avuje damu bure." Kisha akaongeza, kwa upole zaidi, "Hutakuwa na uhakika. Hakuna aliye nao. Mtembee tu, na mkiona jambo, mje."

Muhula mpya ulipoanza, Mwalimu alirudi darasani, saa chache kwa siku, na fimbo ambayo watoto waligombania kumshikia.

Mwishoni mwa mwaka huo yule jirani wa kuchomelea vyuma alipasuliwa tumbo, upasuaji mkubwa, utumbo ulikuwa umejisokota. Fundi alikwenda wodini kumjulia hali. Alikuta ndugu wamejaa, kila mmoja na ushauri wake, shangazi mmoja akimfunika blanketi mpaka kidevuni na kumwambia atulie, asijitikise hata kidogo, mshono usije ukaachia. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na fremu, amechoka kubishana.

Fundi hakuwa mhubiri. Alisimama pale akipapasa kofia yake, akijua kabisa yule shangazi anahisi nini, maana naye aliwahi kushika blanketi kwa mapenzi hayo hayo.

"Shangazi," alisema hatimaye, "naomba nikusimulie kitu kimoja kuhusu mke wangu. Hakitachukua muda."

Akamsimulia, kwa kifupi, bila kujitetea. Habari ya mguu mzima, ya damu isiyojua kushoto na kulia, ya uzi. Shangazi alisikiliza, mkono bado kwenye blanketi, akimwangalia Fundi kwa jicho la pembe. Fundi alipomaliza, shangazi alimtazama muuguzi, akamtazama mgonjwa, kisha akalivuta blanketi nyuma taratibu.

"Mshono ukiachia," alimwambia Fundi, "nitakutafuta."

"Nitakuwa hapa hapa," alisema Fundi, akapitisha mkono mgongoni mwa mgonjwa, mahali alipofundishwa. Mgonjwa akaanza kushusha miguu akitukana kwa sauti ya chini.